Kesi ya Kidudu cha Mbatata

Benchi la kijiwe cha Mahmud pale Garsen halikuwa benchi. Lilikuwa kiti cha nyuma cha basi, kile cha abiria watano, ambacho maji ya Elnino yalikibeba kutoka kusikojulikana yakakitua penye njia panda, mbele ya duka lililofungwa, kikiwa kimekaa sawasawa kana kwamba basi zima liko njiani linakifuata. Maji yalipopungua mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, Mahmud akaweka jiko la makaa ubavuni mwake, akabandika dele la kahawa chungu, na watu wakakikalia. Kila mtu alikuwa na pahali pake. Dirishani, ingawa dirisha halikuwapo, alikaa Zakaria, aitwaye Wakili kwa sababu aliwahi kupelekwa shahidi kortini Malindi, akangoja siku tatu bila kuitwa, akarudi anajua sheria zote. Kando yake Abdirizak Breki, dereva wa lori lililozama matopeni tangu Novemba, ambaye ukimuuliza habari zake hukwambia limepumzika. Mwisho kabisa, miguu yake mirefu imeziba njia, alikaa Guracha, mfugaji wa Kiorma waliyemwita Kimya. Na katikati alikaa Komora, mkulima wa Kipokomo kutoka kijiji cha Wema, ambaye mwaka ule alibandikwa jina jipya, Mbatata, na hakulipenda hata kidogo.

Jina lenyewe alijitafutia. Mafuriko yalipomaliza kubomoa maghala yaliacha tope jeusi lililofika magotini, udongo ambao ukisahau fimbo ndani yake unaikuta ina majani. Wenzake wakapanda mpunga, mahindi na migomba. Komora akaona mbali kuliko wao. Miaka mingi alikuwa akitazama mbatata, viazi ulaya, zikishushwa Garsen kutoka bara, nusu zimeoza, na watu bado wanazigombania. Akajiuliza kwa nini zisiote Wema. Rosina, mkewe, alimwambia maneno machache tu: kwamba mbatata hupenda baridi, na kwamba mpunga haujawakosea kitu. Komora akamjibu kuwa hata Elnino haikuwahi kufika Wema mpaka siku ilipofika. Jibu hilo lilimpendeza hata akalirudia kijiweni wiki nzima, kisha akapanda shamba lote mbatata, mpaka pembeni.

Mwanzoni ziliitikia. Majani yalitoka mapana, na wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Halafu mwezi wa saba ncha za majani zikaanza kujikunja kwa juu, kama viganja vinavyokinga maji, zikageuka manjano, na kingo zake zikawa zambarau. Komora alipolitikisa shina, vidudu vidogo kuliko mbegu ya ufuta viliruka, vikatua, vikaruka tena. Chini ya majani palikuwa na chembe nyeupe kama sukari. Na Jumatatu moja akaona jambo lililomkalisha chini pale pale tutani: mbatata ndogo za kijani, kama gololi, zimeota juu ya shina, kwenye makwapa ya majani, hewani, pahali ambapo hakuna mbatata yenye akili zake inayoota.

Akakata shina moja. Akakamata vidudu vinane, akavitia katika chupa ya dawa ya kikohozi, akapanda baiskeli kwenda Garsen. Mbatata zikifa, nyumba yake ingeingia mwaka wa pili bila ghala, na Rosina angekuwa na haki ya kusema. Alijua Rosina asingesema. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Chupa ilipita mkono kwa mkono pale kijiweni. Zakaria akaikinga juani, akafumba jicho moja.

— Huyu si wa hapa, alisema. Mtazameni anavyoruka. Mwenyeji hutembea.

Komora akaonyesha jani lililojikunja. Zakaria akalipokea kwa heshima kama hati ya shamba. Akasema wahenga hawakukosea, samaki mkunje angali mbichi, na jani hili limekunjwa likiwa bichi. Kwa hiyo aliyelikunja ni mtu mwenye elimu. Komora akauliza, na hizi mbatata zilizoota hewani?

— Mpanda ngazi hushuka, Zakaria akamjibu. Zimepanda, zitashuka. Wewe kaa chini na kikapu.

Abdirizak hakukubali. Yeye alikuwa na ushahidi wa macho. Alieleza kwamba maji ya Elnino yaliipindua ardhi, ya chini yakawa juu, na kwamba usiku ule wa Novemba alipotoka kwenye lori lake aliyaona magurudumu yanatazama mawingu. Kama lori la tani saba lilipoteza njia ya chini, sembuse mbatata? Basi mbatata za Komora si wagonjwa. Zinatafuta ardhi, na mara ya mwisho ziliiona ikipita juu. Mahmud alisema hata dele lake lilichelewa kuchemka mwezi ule, lakini hakuna aliyejua hilo linaingia wapi, na yeye mwenyewe hakujua.

Kisha Abdirizak akaiona ile sukari. Akachovya kidole chini ya jani, akakilamba. Wote wakamtazama kama anayesubiriwa kuanguka.

— Tamu, alisema.

Kuanzia hapo mazungumzo yakawakimbia wenyewe. Abdirizak alisema watu wamehangaika bure na miwa, kumbe sukari iko kwa mdudu. Kufikia adhuhuri kijiwe kilikuwa kimejenga kiwanda, kina lango na bawabu, na Mahmud ameshapewa kantini. Ugomvi ulizuka juu ya jambo moja tu: kidudu hiki ni mazao au ni mifugo? Zakaria aliamua kwamba mnyama anayekula jani akatoa kitu kitamu ni mfugo, kama nyuki, na mifugo ni kazi ya kina Guracha. Komora akapinga kwa kuwa jani ni lake. Wakamgeukia Guracha, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema lolote.

— Mimi sifugi kitu siwezi piga chapa, alisema.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Komora hakucheka. Aliona wenzake wamekaa juu ya msiba wake wanatafuna kashata, akasema kwa sauti iliyomshtua mwenyewe kwamba yeye ana shamba linakufa. Zakaria akajikohoza, akaingia kazini. Akauliza swali alilolisikia Malindi: kabla ya tukio, ni nani alionekana akipita karibu?

Komora hakuwa ameliwaza jambo lile mpaka mdomo ulipofunguka. Ng'ombe, alisema. Ng'ombe wa Guracha hupita pembeni mwa shamba kila siku ya tatu, wakishuka malka, pale mifugo inaponywea mtoni. Mara mbili walikanyaga ua.

— Basi tumempata, alisema Zakaria.

Komora angeweza kunyamaza hapo. Lakini mtu aliyetafuta wa kumlaumu tangu asubuhi haachi akishampata.

— Ng'ombe wako ndio waliovileta, Guracha. Manyoyani mwao.

Guracha aliweka kikombe chini kikiwa nusu. Kwa mtu aliyezoea kunywa mpaka machicha, hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Akamtazama Komora, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Komora aliendesha baiskeli kurudi Wema. Wakati wa mafuriko mtumbwi wake ndio uliokwenda safari tatu kuwatoa watu wa nyumba ya Guracha, mama yake akiwa wa kwanza, juu ya kichuguu kilichozungukwa na maji. Na maghala ya Wema yalipokwenda na mto, ng'ombe wachache waliosalia kwa Guracha ndio walioleta maziwa mlangoni kwa Komora kila alfajiri, miezi miwili, bila mtu kuomba. Alitaka kurudi Garsen usiku ule ule amwombe radhi. Lakini alipolipita shamba na kuyaona yale majani, akajiambia huenda ni kweli.

Siku mbili zilitosha. Huko Wema watu wakaanza kusema wafugaji wametuma vidudu ili mashamba yawe malisho. Upande wa pili wakasema wakulima wamepanda majani ya sumu njiani ili kuwaua ng'ombe. Vijana wa huku wakazungumza habari ya kuifunga njia ya malka, na vijana wa kule wakazungumza habari ya kuifungua. Jumatano jioni Rosina alimpakulia mumewe ugali, akakaa mbele yake.

— Baba Joy, neno lako limefika hapa kabla yako, alisema. Lirudishe lilikotoka.

Komora akamwambia kesho kuna kesi.

Ilikuwapo kweli. Zakaria alikuwa ameandika mashtaka nyuma ya mfuko wa saruji. Mshtakiwa wa kwanza ni kidudu, kilichomo chupani. Mshtakiwa wa pili ni ng'ombe, wasiokuwapo. Na Guracha ni mdhamini wao. Alhamisi asubuhi kijiwe kilijaa, watu wamesimama mpaka kwenye duka la fundi wa baiskeli. Wengine walikuja kucheka. Wengine, Komora aliwaona, walikuja na marungu.

Guracha alifika amevaa kikoi safi, na nyuma yake anamvuta ng'ombe mzee wa rangi ya kahawia. Akamfunga kwenye mguu wa kiti cha basi.

— Huyu ndio hutangulia wengine, alisema. Mkague.

Zakaria hakuwa amejiandaa kwa mshtakiwa anayehudhuria. Katika siku zake tatu za Malindi hakuona jambo kama hilo. Alishauriana na mfuko wa saruji, kisha akatoa amri ukaguzi uendelee. Basi watu wazima wenye ndevu na wajukuu wakamzunguka ng'ombe, wakapekua manyoya yake kutoka pembe hadi mkia, saa nzima. Walipata kupe sita, mwiba mmoja wa mgunga, na kovu ambalo Guracha alieleza historia yake. Kidudu kirukacho hawakukipata. Abdirizak alisema labda vimekwenda kunywa maji.

Zakaria, akiona kesi inamponyoka, aliagiza washtakiwa walinganishwe. Akafungua chupa. Vidudu vilivyosalia vikatoka vyote kwa mruko mmoja. Kimoja kikatua mgongoni mwa ng'ombe, na Zakaria akainua mkono juu: mmeona wenyewe, kimetambua kwao, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Umati ukavuma, na kijana mmoja nyuma akalipiga rungu lake kiganjani.

— Na hivyo vinne vilivyo ndevuni mwako, Wakili? aliuliza Mahmud kwa upole, huku akimimina kahawa.

Zakaria akazishika ndevu zake. Kwa sheria ile ile aliyoitunga, vidudu vilikuwa vimetambua kwao mara nne. Abdirizak akapendekeza ndevu ziongezwe kwenye mashtaka. Watu wakaangua kicheko, na yule kijana mwenye rungu akacheka pia, akasahau kwamba amekasirika.

Kicheko kilipoisha Guracha alikuwa bado amesimama. Aliongea polepole, kwa Kiswahili chake cha malishoni, na hakumwangalia mwingine ila Komora.

— Mwaka jana mbu alikunywa kwa ng'ombe huyu, akaenda kunywa kwa yule. Mimi nilipoteza thelathini. Hata wapwa zangu wawili waliugua. Mbu alizaliwa wapi? Katika maji iliyolala shambani kwako, Komora. Mimi nilijua. Nilikuja kushtaki wewe?

Komora alikuwa ameizika mizoga ile pamoja na Guracha, kitambaa puani, na katika siku zote zile hakuwahi kuwaza maji yalilala wapi.

Aliyesema ni mgeni. Alikuwa mwanamke wa Kigiriama, Sidi, afisa wa kilimo kutoka skimu ya umwagiliaji ya Bura, ambaye pikipiki yake ilikuwa imetoboka gurudumu, na fundi wa baiskeli wa jirani alikuwa analiziba. Alikuwa amesimama muda wote huo na kikombe mkononi. Sasa akaliokota lile shina lililonyauka chini ya kiti, akaligeuza, akazitazama mbatata za hewani.

— Samahani wazee wangu, alisema. Na chini kuna nini?

— Chini wapi? aliuliza Zakaria.

— Chini ya udongo. Mbatata zenyewe. Mmechimba?

Zakaria alimtazama Abdirizak, Abdirizak akalitazama dele. Siku nne za sheria, kiwanda kimoja, ng'ombe mmoja kupekuliwa, na hakuna mtu aliyekuwa amechukua jembe. Wote wakamgeukia mwenye shamba. Komora aliinamisha kichwa. Alijua sababu yake: maadamu hajachimba, mbatata zilikuwa zinaweza kuwapo.

— Sijachimba, alisema. Niliogopa.

Gurudumu lilipokwisha kuzibwa Sidi alimpakia Komora nyuma ya pikipiki wakaenda Wema. Alikuwa na safari yake mbele na jua lilikuwa linakwenda, lakini walipofika shambani Komora hakugusa jembe. Alimwomba wamngojee Guracha, anayekuja kwa miguu na ng'ombe wake. Sidi akatazama saa, akaisogeza pikipiki kivulini. Rosina akamletea chai na ndizi za kuchemsha, wakakaa kungoja. Guracha alipotokea, Komora alimpelekea maji ya kunywa mwenyewe, kisha ndipo akapiga jembe.

Shina la kwanza lilitoka na mizizi mitupu. La pili lilikuwa na mbatata tatu, sawa na mavi ya mbuzi. Katika mistari mizima waliyochimba, kubwa kuliko zote ilikuwa kama yai la kuku. Sidi aliikata kwa kisu cha Rosina. Ndani palikuwa na nyuzi za kahawia zilizotambaa kutoka upande hadi upande. Ajabu ni kwamba Komora alihisi nafuu, kama mgonjwa aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake, ingawa jina lenyewe hakuambiwa. Sidi alisema chuoni aliwahi kuona kitabuni picha za vidudu virukavyo kama hivi, vya Marekani huko, ambavyo hufyonza jani na kuacha maradhi ndani yake, vile vile mbu anavyofanya. Kama ndio hivi, au ni ndugu zao, au ni joto la Wema tu lililokataa mbatata, yeye hajui, na hataki kumdanganya mtu. Atavipeleka kwa wenye darubini. Kwa sasa shamba lote ling'olewe na kuchomwa, mbegu yake isipandwe tena popote, na mifugo isile majani.

— Na ng'ombe? aliuliza Guracha.

— Ng'ombe hana kesi, mzee.

Sidi akafunga mashina mawili katika gazeti, pamoja na vidudu vyake, akawaaga, akaondoka. Komora alibaki na jembe mkononi, hathubutu kumtazama mkewe. Rosina alikuwa ameshapandisha leso kiunoni, anang'oa mstari wa kwanza. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba alimwomba dada yake wa Kilelengwani miche ya mpunga tangu siku majani yalipoanza kujikunja, na kwamba bondeni bado pana maji ya kutosha.

Waling'oa mpaka jua likalegea, watatu, na majirani wachache waliokuja kuangalia wakajikuta wanang'oa pia. Guracha, ambaye hakuwahi kugusa kazi ya shamba maishani mwake, alibeba mafungu ya mashina mpaka motoni, akiyashika mbali na mwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine. Moshi ulikuwa mzito na wenye harufu tamu kidogo. Mmoja wa majirani alikuwa yule kijana wa rungu. Rungu lake alikuwa amelitumia kusukumia makaa.

Walipofika mistari minane ya mwisho, ile ya kando ya ua, Komora aling'oa mbatata, kisha hakusimama. Akashika kigingi cha ua, akakitikisa, akaking'oa. Halafu cha pili. Mafuriko yalikuwa yameondoka na miti yote iliyokuwa alama ya njia ya malka, na mwezi wa nne, alipokuwa anapima shamba peke yake na tope likiwa jororo, alijua barabara mahali ilipokuwa imesimama. Akaongeza mistari minane. Hakumwambia mtu, hata Rosina.

Guracha alikuja akasimama kando yake.

— Hapa palikuwa njia, alisema Komora.

— Najua.

— Tangu lini?

— Tangu siku ulipanda.

Komora akang'oa kigingi cha tatu, akabaki amekishika.

— Mbona hukusema?

Guracha aliinama, akakipokea kile kigingi kutoka mikononi mwake.

— Mama yangu alisema tuzunguke kwanza, mpaka uvune.